Kwetu ni Mtaani: Mapenzi ya Mji katika Nyimbo za Kufokafoka za Afrika Mashariki

Katika sarufi ya Kiswahili neno "kwetu" ni jambo dogo. Ni kiambishi cha mahali, ku-, kilichoungwa na shina la umilikaji -etu, na mwanafunzi aanzaye kujifunza sarufi huweza kulichambua bila taabu. Lakini matumizi yake yana jambo lisilochambulika upesi hivyo. Mtu mmoja, aliye peke yake, akiulizwa asili yake husema "kwetu Lamu" au "kwetu Tanga". Hasemi "kwangu Lamu" illa awe na nyumba huko na aitaje nyumba hiyo. "Kwangu" ni pale alalapo mtu, penye mlango na ufunguo. "Kwetu" ni pale atokapo, na hapawi pa mtu mmoja hata kama waliobaki huko ni wafu makaburini. Wingi huo wa -etu, basi, hauhesabu watu, wahesabu haki. Asemaye "kwetu" adai kwamba yumo katika orodha ya wenye mahali.

Dai hilo ndilo kiini cha nyimbo zinazochunguzwa katika makala haya, yaani nyimbo za kufokafoka, au hip-hop, ambazo vijana wa miji ya Afrika Mashariki wamezitunga tangu miaka ya 1990 kuitaja na kuipenda mitaa yao. Nyimbo hizi zimezoea kushutumiwa kwa mambo mawili: kwamba lugha yake imeharibika, na kwamba umbo lake limeigwa Marekani. Yote mawili yana chembe ya ukweli, na yote mawili humzuia msikilizaji asisikie kinachosemwa. Kinachosemwa, aghalabu, ni kwamba mahali ambapo wazee, serikali na hata mahakama zilipaona kuwa makazi ya muda tu, ni kwao.

Nairobi ni mfano ulio wazi kuliko yote. Mji huo ulianza na reli mwaka 1899, na kwa zaidi ya nusu karne Mwafrika alihesabiwa humo kuwa kibarua wa kupita. Kuanzia mwaka 1920 alilazimika kuchukua kipande, na kazi ikiisha alitakiwa arudi alikotoka. Baada ya uhuru mwaka 1963 amri hizo ziliondoka, lakini fikira iliyozizaa ilibaki katika lugha. Mkenya aliyezaliwa mjini, akalelewa mjini, akazeekea mjini, bado husema "naenda nyumbani" akikusudia kijiji cha babu yake. Vijana wa Sheng wana neno maalumu la huko, "ushago", lenye asili yake katika neno la Kikikuyu la kijiji, na kuwepo kwa neno hilo kwathibitisha kwamba waliona haja ya kutenga mahali hapo na pale walipo.

Suala hili lilipata kupelekwa mahakamani. Wakili S. M. Otieno alifariki mjini Nairobi mwezi wa Desemba 1986. Mjane wake, Wambui Otieno, alitaka azikwe Upper Matasia, karibu na Ngong, walikokuwa na shamba. Ukoo wake wa Umira Kager ulitaka azikwe Nyalgunga, katika wilaya ya Siaya. Mabishano yakachukua miezi mitano, na mwezi wa Mei 1987 Mahakama ya Rufani ikaupa ukoo ushindi. Kwa mtaalamu wa lugha jambo lililo muhimu katika kesi ile ni tofauti iliyosisitizwa sana, kati ya jengo ambalo mtu analala na makao yaliyowekwa kwa taratibu za mila. Kijaluo kina maneno mawili mbalimbali, "ot" na "dala". Kiswahili hutenga maana hizo kwa silabi moja tu: nyumba, nyumbani. Kwa hukumu ile ilionekana kwamba Mkenya wa aina fulani aweza kuwa na nyumba Nairobi maisha yake yote asipate kuwa na nyumbani huko. Watoto waliokuwa wakikua Dandora mwaka ule wa 1987 ndio waliokuja kuwa wafokaji wa miaka ya 1990. Si lazima kudai kwamba waliifuata kesi; yatosha kwamba walikua katika nchi iliyofikiri hivyo.

Dandora yenyewe iliumbwa kwa mpango. Mwaka 1975 serikali ya Kenya na Benki ya Dunia zilipatana juu ya mradi wa viwanja 6,000: mwenye kiwanja alipewa ardhi yenye maji, mabomba ya taka na choo, kisha akaachwa ajijengee vyumba mwenyewe kwa kadiri ya uwezo wake. Walengwa walikuwa watu wa mapato madogo. Wengi wao walijenga vyumba na kuvipangisha, na mtaa ukajaa upesi. Mwaka huo huo wa 1975 halmashauri ya jiji ilifungua jaa la takataka hapo hapo. Jaa hilo lilitangazwa kuwa limejaa mwaka 2001, na taka ziliendelea kumwagwa kwa miaka mingi baada ya hapo. Uchunguzi wa Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira uliotolewa mwaka 2007 uliwapima watoto 328 waliokaa na kusoma karibu na jaa, na karibu nusu yao walikutwa na madini ya risasi katika damu kupita kiwango kilichokubaliwa wakati ule.

Huko ndiko walikotoka Kalamashaka, kundi la vijana watatu, Kama, Johny na Oteraw, waliojulikana kote nchini kwa wimbo wao "Tafsiri Hii" wa miaka ya mwisho ya 1990, na kwa santuri yao "Ni Wakati" ya mwaka 2001. Wakati huo wafokaji wengi wa Nairobi walikuwa wakiimba kwa Kiingereza, na walioimba kwa Kiswahili mara nyingi waliimba mambo ya mzaha. Kalamashaka walitumia Kiswahili kwa jambo zito: maisha ya mtaani mwao, njaa, polisi, ukosefu wa kazi. Wengi waliosikia wimbo ule mara ya kwanza waliuchukua kuwa malalamiko. Kweli ni malalamiko. Lakini mtu halalamiki hivyo juu ya mahali asipopajali. Msafiri aliyelala usiku mmoja katika nyumba inayovuja hukaza mizigo yake asubuhi akaenda zake. Mwenye nyumba ndiye apandaye juu ya paa akapiga kelele.

Hapa yafaa kukumbuka kwamba ushairi wa Kiswahili una njia mbili za kale za kuupenda mji. Ya kwanza ni sifa. Muyaka bin Haji (1776–1840), ambaye Mohamed H. Abdulaziz alimwandikia kitabu kikubwa mwaka 1979, aliisifu Mombasa kwa majina yake ya kale ya Mvita na Gongwa, akausifu uhodari wa watu wake na kuwakebehi maadui. Husemwa kuwa yeye ndiye aliyeutoa ushairi msikitini akauleta sokoni. Njia ya pili ni maombolezo, na kilele chake ni Al-Inkishafi, utenzi wa Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir wa mwanzo wa karne ya kumi na tisa. Utenzi huo wajulikana kuwa ni wa dini, unaoionya nafsi juu ya upuuzi wa dunia. Lakini mshairi angeweza kuionya nafsi kwa mfano wowote. Alichagua Pate, akaingia nyumba hadi nyumba, akavitazama vitanda na kaure, akaonyesha nani wamekuja kukaa humo baada ya wenyewe: popo, ndege wa usiku na wadudu. Hakuna awezaye kuhesabu hasara kwa ukamilifu namna hiyo illa aliyeipenda mali.

Nyimbo za Dandora ziko katika njia hii ya pili, ingawa hapana dalili kwamba watungaji wake walijifunza kwa Sayyid Abdallah. Tofauti ni kwamba Pate ilikuwa na fahari ikaipoteza, na Dandora haikupata kuwa nayo. Mshairi wa Pate aomboleza kilichokuwapo. Mfokaji wa Dandora aomboleza kilichoahidiwa, na kwa hiyo maombolezo yake huelekea kwa aliyeahidi. Ndiyo maana orodha, ambayo katika Al-Inkishafi ni orodha ya vitu vilivyochakaa, katika nyimbo hizi hugeuka kuwa kama orodha ya ushahidi: majina ya vichochoro, ya vituo vya matatu, ya marafiki waliokufa, yakitajwa moja baada ya jingine kwa utaratibu wa mtu anayetoa taarifa mbele ya hakimu. Wachambuzi waliozoea taswira na tashbiha huweza kuona upungufu wa sanaa katika orodha hizo. Ni kosa. Katika nyimbo hizi jina la mahali ndiyo taswira.

Na kwa kuwa jina ndilo lenye uzito, yafaa kulitazama kwa karibu, maana hapa pana mali nyingi ya kiisimu.

Mtaa haukosi kubadilishwa jina na wenyewe. Jina rasmi ni la ramani na la polisi. Jina la mtaani ni la wenye mtaa, na mgeni hujulikana kwa kutolijua. Korogocho hukatwa kuwa Koch. Nairobi imekuwa Nai, na Kanairo, ambapo ka- ya udogo iliyozoeleka katika Kikikuyu, Kikamba, Kiluhya na ndugu zake imechukuliwa kumwonyesha mji mkuu mapenzi ya mtoto mdogo: sarufi ya Kiswahili sanifu ingedai ki-, lakini ki- hapa ingeleta dharau tu. Arusha imekuwa Arachuga, na Arachuga nayo ikakatwa ikabaki Chuga. Dar es Salaam iliitwa Bongo kwa kuwa palihitajika akili kuishi humo, na jina hili lina historia yake kali: mwaka 1983 Sheria ya Nguvu Kazi ilitumiwa kuwaondoa mjini wasio na kazi inayotambuliwa wapelekwe mashambani, na mtu aliyebaki alibaki kwa ubongo wake. Jina la mji baadaye lilifunika nchi nzima ya Tanzania, kisha likawa jina la muziki, Bongo Fleva. Ni nadra katika lugha yoyote jina la utani la mji kupanda daraja tatu namna hiyo katika kizazi kimoja.

Temeke imekuwa TMK. Zilizoachwa ni irabu. Kilichobaki ni konsonanti tatu, kama mzizi wa neno la Kiarabu, na mwandishi wa zamani aliyetumia hati za Kiarabu angaliandika jina hilo kwa herufi hizo hizo. Vijana walioianza desturi hii pengine walikuwa wakiiga vifupisho vya Marekani tu. Lakini sikio la Mswahili lilikubali kwa urahisi.

Namba nazo zimekuwa majina. Mfokaji Octopizzo wa Kibera aliueneza mtaa wake kwa jina la Namba Nane, kutokana na nambari ya matatu ziendazo huko. Baada ya Katiba ya mwaka 2010 kuzipanga kaunti 47 kwa nambari, ya kwanza ikiwa Mombasa, vijana wa Pwani walianza kuuita mji wao 001. Nambari iliyotungwa na makarani kwa ajili ya orodha ikageuzwa kuwa majigambo: sisi wa kwanza. Muyaka, aliyependa mchezo wa maneno, hapana shaka angalicheka.

Wengine huunganisha jina la kwao na jina la mbali. Jua Cali, mmoja wa waanzilishi wa mtindo wa Genge, ametia katika jina lake mambo mawili kwa pigo moja: jua kali, yaani kazi ya fundi wa barabarani asiye na paa, na California, mtaa wa Eastleigh alikolelewa, ambao wenyewe una jina la kuazima. Kundi la Buruklyn Boyz la Buruburu limefanya vivyo hivyo kwa Brooklyn. Hapo mwenye kulaumu uigaji hupata ushahidi wake. Lakini katika majina yote mawili sehemu ya kigeni ndiyo iliyolazimishwa kuingia katika kalibu ya kienyeji: Cali yasomwa kali, na Brooklyn imeingizwa u ya Buru isiyokuwa yake.

Kisha kuna vina. Shairi la kimapokeo hutosheka na kina cha silabi moja ya mwisho. Chochote kiishiacho kwa -ra chalingana na Dandora. Mfokaji haridhiki na hilo, kwa sababu mdundo wake huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, yenye mkazo, na sikio lataka silabi mbili zilingane. Sharti hili hulifanya kila jina la mji kuja na kundi lake la maneno, na kwa kiasi fulani na hatima yake. Dandora yaja na bora, chora, pora na ukora. Kisumu yaja na ngumu, sumu, hukumu na dumu. Mombasa yaja na anasa, hamasa, siasa, mkasa na sasa. Arusha ina bahati kuliko miji yote, kwa kuwa jina lake laingia katika kundi zima la vitenzi vya kusababisha: rusha, vusha, shusha, angusha, kumbusha; mji wenyewe huonekana kama unatenda. Nairobi ni yatima. Maneno ya Kiswahili yenye mwisho wa -obi ni machache mno, na yamkini hii ni sababu mojawapo ya jina hilo kukatwa mara kwa mara. Neno "kwetu" lenyewe lina vina vingi kupita kiasi, kwa kuwa yetu, wetu, chetu, letu na zetu zote zamngojea mtunzi mlangoni. Na watunzi wavivu huzipokea zote.

Mtaa hautajwi ila mbele ya mtaa mwingine. Kuhusu jambo hili hoja ya uigaji yahitaji kutazamwa kwa haki. Ni kweli kwamba umbo la hip-hop lilitoka Bronx, New York, ambako sherehe iliyopigwa muziki na DJ Kool Herc tarehe 11 Agosti 1973 huhesabiwa kuwa mwanzo wake. Bronx ya wakati ule ilikuwa imekatwakatwa na barabara kuu na kuunguzwa na moto wa nyumba zilizoachwa. Mwaka 1986 kundi la Boogie Down Productions lilitoa wimbo "South Bronx" kumjibu MC Shan, aliyekuwa ameusifu mtaa wake wa Queensbridge. Mwaka 1988 N.W.A. waliupa mji wa Compton jina duniani kote. Wataalamu wa huko, Tricia Rose katika kitabu chake cha mwaka 1994 na Murray Forman mwaka 2002, wameonyesha jinsi mtaa ulivyo msingi wa sanaa hii. Vijana wa Nairobi na Dar es Salaam walizisikia nyimbo hizo, na baadhi ya desturi zake walizichukua bila kuficha.

Lakini mashindano ya mitaa kwa nyimbo hayakuja na kanda za Marekani. Karibu na mwaka 1812, wakati wa vita baina ya Lamu na Mombasa vilivyoishia Shela, washairi wa pande mbili walipelekeana mashairi ya kutishana na kukebehiana. Zahidi Mngumi alisimama upande wa Lamu na Muyaka upande wa Mombasa. Ann Biersteker na Ibrahim Noor Shariff waliyakusanya mwaka 1995 kwa jina la mashairi ya Vita vya Kuduhu. Baadaye, zama za ukoloni, vyama vya beni vilishindana kwa mavazi, tarumbeta na tungo: Kingi na Skochi huko Mombasa na Lamu, Marini na Arinoti bara na Dar es Salaam. Terence Ranger, aliyeandika historia ya ngoma hizo mwaka 1975, alisisitiza kwamba beni haikuwa uigaji mtupu wa bendi za Wazungu, bali chombo kipya cha mashindano ya zamani. Neno hilo lingeweza kusemwa, pasipo kubadilishwa sana, juu ya mashindano ya mwanzo wa miaka ya 2000 baina ya East Coast Team ya Upanga, mtaa wenye nafasi, na Wanaume wa Temeke waliomzunguka Juma Nature. Watu wa Dar es Salaam walielewa mara moja kilichokuwa kikishindaniwa. Upanga ni mjini. Temeke ni ng'ambo ya reli, kwa wafanyakazi wa viwanda na bandari. Kuitamka TMK kwa fahari kulikuwa kukataa kuona haya mbele ya aliye juu.

Mtaa huo wa fahari una upande wake mbaya, na mapenzi kwa nyimbo hizi yasiufiche. Fahari ya mtaa ni jirani wa chuki ya mtaa wa pili. Zipo nyimbo nyingi ambazo jina la mahali limebaki kuwa kelele tu, halina kichochoro wala mtu ndani yake, na tofauti kati ya wimbo wa namna hiyo na tangazo la biashara ni ndogo. Zipo pia zinazoupamba ujambazi kwa kuwa ni wa kwetu. Kipimo kimoja chaweza kumsaidia mwalimu anayetaka kuchagua matini za kufundishia: aliondoe jina la mtaa katika wimbo, atie jingine. Wimbo ukibaki vile vile, haukuwa wa mtaa ule.

X Plastaz wa Arusha huukabili mtihani huo pasipo shida. Katika santuri yao "Maasai Hip Hop" ya mwaka 2004, kufokafoka kwa Kiswahili kumechanganywa na uimbaji wa Kimaasai, na Kihaya nacho kimo katika nyimbo zao. Arusha haikutajwa tu. Imesikizwa, kwa kuwa mji ule ndio wenye Wamaasai sokoni na wageni wa kila pembe ya nchi katika mitaa yake. Kadhalika Ukoo Flani wa Mombasa, walioungana na wenzao wa Dandora wakawa Ukoo Flani Mau Mau, na ambao sauti zao zimo katika mkusanyo "Kilio cha Haki" wa mwaka 2004. Muungano wao una faida kwa mtaalamu wa lahaja. Upande mmoja umelelewa katika Kiswahili cha Pwani, chenye akiba ya maneno na utani wa wenyewe. Upande wa pili umelelewa katika Sheng ya Eastlands. Kila mmoja aliitetea kwao kwa lugha ya kwao, katika wimbo mmoja, na hapana aliyehitaji mfasiri. Wanaodai kwamba Sheng imewakata vijana wa Nairobi na Waswahili wengine wangefanya vyema kuusikiliza mkusanyo huo kabla ya kuandika tena.

Kitenzi kimoja kimezaliwa upya katika nyimbo hizi. "Kuwakilisha" lilikuwa neno la ofisi na bunge, la kitenzi kisichoweza kusimama pasipo yambwa: mtu humwakilisha mtu, au huwakilisha hati. Wafokaji, wakifasiri desturi ya Kimarekani, walilitumia kwanza pamoja na jina la mahali, kisha pasipo yambwa yoyote: "nawakilisha", basi. Msikilizaji ajua ni nini kinachowakilishwa. Tanzania kitenzi hicho kilirudi kilikotoka kwa njia ambayo hakuna aliyeitarajia. Joseph Mbilinyi, yaani Mr. II au Sugu, aliyekuwa ameitaja Mbeya tangu mwanzo wa sanaa yake, alikuwa mbunge wa Mbeya Mjini toka mwaka 2010 hadi 2020. Professor Jay alikuwa mbunge wa Mikumi toka 2015 hadi 2020. Na Mwana FA, aliyejulikana kwanza katika kundi la Upanga, alichaguliwa mwaka 2020 kuwa mbunge wa Muheza, mkoani Tanga, ambako ndiko kwao.

Jambo hili la mwisho lagusa tatizo atakalokutana nalo kila mhariri wa matini hizi. Nyimbo za mitaa hazikai mahali pamoja. Mfokaji akialikwa Mombasa huliondoa jina la kichochoro cha Dandora mahali fulani katika ubeti, akatia Kongowea au Likoni, na wasikilizaji humshangilia. Akirudi kwao hulirudisha. Maana za Sheng nazo hubadilika upesi, hata neno lililoeleweka na kila mtoto mwaka 1998 sasa lahitaji maelezo ya chini ya ukurasa, na wenye kuweza kuyatoa maelezo hayo ni watu wa makamo. Mhariri wa Muyaka alikuwa na miswada ya karne iliyopita na wazee wa Mombasa wa kuwauliza. Mhariri wa nyimbo hizi ana kanda zilizorekodiwa kutoka redioni, tarehe zisizoandikwa, na toleo zaidi ya moja kwa kila wimbo. Naye sharti aamue, katika kila ubeti wenye jina la mahali, kama lililoandikwa ni la mtunzi au la wale waliokuwa wamesimama mbele yake usiku ule.